Beta-defensini na uzazi wa kiume

Beta-defensini ni kundi la peptidi, yaani protini fupi, zinazotengenezwa na seli za wanyama wenye uti wa mgongo ili kuua bakteria, kuvu na baadhi ya virusi. Kwa mwanamume na kwa madume ya mamalia wengine, nyingi kati yake hutolewa ndani ya epididimisi. Huko zina kazi ya pili: kukomaza mbegu za kiume ili ziweze kuogelea, kupenya ute wa njia ya uzazi ya mwanamke na kulifikia yai.

Muundo na kazi ya kinga

Kila beta-defensini ina sehemu yenye asidi amino sita za aina ya sisteini, zinazoshikana mbilimbili na kuipa peptidi umbo imara. Kwa kawaida peptidi hizi zina chaji chanya. Kwa kuwa utando wa bakteria una chaji hasi, peptidi huvutwa kwake na kuutoboa, na bakteria hufa. Beta-defensini hupatikana pia katika ngozi, mapafu, utumbo na figo.

Kazi katika epididimisi

Epididimisi ni mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya kila pumbu. Kwa binadamu ukinyooshwa hufikia urefu wa mita 6 hivi. Mbegu zinapotoka katika pumbu zina kichwa na mkia, lakini haziwezi kuogelea vizuri wala kutungisha yai. DNA yake imebanwa sana, hivyo haziwezi kuagiza protini mpya kutoka katika jeni zake. Mabadiliko yanayobaki hutegemea zaidi yale yanayotolewa na kuta za mrija huo.

Mwaka 2001 watafiti nchini China walieleza Bin1b, beta-defensini inayotolewa katika sehemu ya mwanzo ya epididimisi ya panya. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba Bin1b hujishikiza kwenye kichwa cha mbegu na kusababisha kalsiamu iingie ndani, na mbegu changa huanza kuogelea. Mwaka 2013 watafiti waliondoa jeni tisa za beta-defensini kwa panya: madume yakawa tasa, na mbegu zao zilikuwa na mwendo hafifu na kalsiamu iliyozidi.

DEFB126

DEFB126 imechunguzwa sana kwa nyani na binadamu. Huifunika mbegu nzima kama koti lenye sukari nyingi, hasa asidi ya siali, ambayo ina chaji hasi. Koti hilo huisaidia mbegu kupita katika ute wa shingo ya kizazi na kujishikiza kwenye ukuta wa mrija wa falopio. Baadaye huvuliwa, na ndipo mbegu inapokuwa tayari kutungisha yai.

Mwaka 2011 watafiti walieleza badiliko la jeni hii ambapo herufi mbili za DNA zimepotea. Badiliko hilo limeenea: Ulaya na China hupatikana katika karibu nusu ya nakala zote za jeni hiyo. Mwanamume aliyelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili hutoa mbegu zisizo na koti kamili, ambazo hupenya kwa shida katika utomvu mzito wa majaribio. Katika uchunguzi wa wanandoa wapya nchini China, wake wa wanaume hao walichelewa zaidi kupata mimba. Badiliko hilo hupunguza uwezo wa kuzalisha, lakini si sawa na utasa.

DEFB1

Peptidi hii hubaki na kazi zote mbili kwenye mbegu. Mwaka 2014 ilionekana kuwa ni chache kwa wanaume wagumba ambao mbegu zao zina mwendo dhaifu au ambao shahawa zao zina chembe nyeupe nyingi za damu. Mbegu zao zilipoongezewa DEFB1 iliyotengenezwa maabara, zilipata mwendo na uwezo wa kuua bakteria.

Umuhimu wa kitabibu

Kipimo cha kawaida cha shahawa huangalia idadi, mwendo na umbo la mbegu. Hakionyeshi koti la DEFB126, kwa hiyo mwanamume anaweza kuambiwa kwamba majibu yake ni mazuri ilhali mbegu zake hazipenyi ute. Katika jamii nyingi mwanamke ndiye anayelaumiwa kwanza mimba inapochelewa. Ujuzi huu ni sababu mojawapo ya kuwachunguza wote wawili.

Tazama pia

Mfumo wa kinga
Ugumba
Shahawa
Utungisho