SOMO LA HISTORIA: Gesi Bwete Iliyofanya Kazi

Mwenye kitabu akifungue, afuate maneno kwa kidole. Asiye nacho atege sikio. Leo tutasoma historia ya nuru, na ya gesi moja iliyodharauliwa tangu siku ilipopewa jina.

Vuta pumzi. Katika kila sehemu 100 za hewa uliyovuta, karibu sehemu 1 ni gesi iitwayo arigoni. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1894 na wataalamu wawili, Lord Rayleigh na William Ramsay. Waliijaribu kwa njia nyingi, lakini haikukubali kuungana na kitu chochote. Basi wakaipa jina la Kigiriki lenye maana ya "mvivu". Arigoni na ndugu zake, kama heli na neoni, kwa Kiswahili huitwa gesi bwete. Na mtu anayekaa bwete unamjua wewe mwenyewe!

Sasa tuiache gesi kidogo, tutazame nuru. Mwaka 1960, huko California, Marekani, Theodore Maiman alitengeneza leza ya kwanza. Nuru ya taa hutawanyika kila upande. Nuru ya leza hushika njia moja, na mawimbi yake huenda sawasawa kama askari wa gwaride.

Mwaka 1961, Peter Franken na wenzake katika Chuo Kikuu cha Michigan walipitisha nuru nyekundu ya leza ndani ya jiwe la kwatzi. Upande wa pili ilitoka nuru nyingine, hafifu, isiyoonekana kwa macho, iliyotetema mara 2 kwa kila tetemo 1 la ile nyekundu. Fikiri uzi wa gambusi. Ukiupiga, pamoja na sauti yake kubwa mna sauti nyembamba zinazotetema mara 2, mara 3, mara 4. Sauti hizo, na nuru za namna hiyo, wataalamu huziita hamoniki.

Waliipiga picha nuru ile. Ilikuwa doa dogo mno. Picha ilipofika kwa wachapaji, doa likafutwa kwa kudhaniwa kuwa ni uchafu! Jarida likatoka na mshale unaoonyesha mahali patupu.

Miaka ikapita. Mwaka 1987, huko Saclay, karibu na Paris, Anne L'Huillier na wenzake walielekeza leza yenye nguvu kwenye gesi bwete. Kila mtu angetazamia hamoniki zizidi kufifia, kama mwangwi wa milimani. Za kwanza zilififia kweli. Lakini zilizofuata zilikuwa na nguvu karibu sawa, na katika arigoni zikaendelea mpaka ya 33. Yaani nuru iliyotetema mara 33 kwa kila tetemo la leza! Mvivu alikuwa anafanya kazi.

Kwa nini? Mwaka 1993, Paul Corkum wa Kanada alitoa maelezo mepesi. Tazama kifuu cha nazi ufukweni. Wimbi hukichukua, hukipeleka mbali, kisha hukirudisha na kukibwaga pale pale. Ndivyo leza inavyofanya: huing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, huisukuma mbali, halafu wimbi likigeuka huirudisha kwa kishindo. Nguvu ile iliyokusanywa njiani hutoka ikiwa nuru.

Mwaka 1996, watafiti wa California walikwenda mbele zaidi. Gesi yenye shinikizo kubwa ikitoka katika tundu jembamba na kuingia mahali pasipo hewa, hupoa ghafula, na atomi zake hushikamana katika vishada, kama ukungu unavyofanya matone. Vishada vya arigoni vilipopigwa kwa leza, vilitoa hamoniki za juu kuliko atomi zilizo mbalimbali. Hapo likazuka swali: katika nyumba yenye watu wengi hivyo, elektroni hurudi kwa mzazi wake au kwa jirani? Wataalamu walibishana juu ya jambo hilo miaka mingi.

Na faida yake nini? Hamoniki nyingi zikiunganishwa hufanya mmweko mfupi ajabu. Gawanya sekunde mara bilioni 1, kisha kipande kimoja ukigawanye tena mara bilioni 1: hiyo ni atosekunde. Mwaka 2001, Pierre Agostini nchini Ufaransa alipima mimweko ya atosekunde 250, na Ferenc Krausz huko Vienna alipata mmweko wa atosekunde 650. Kwa mimweko hiyo mwendo wa elektroni unaweza kufuatwa.

Mwaka 2023, hao wawili pamoja na L'Huillier walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Simu ya habari hiyo ilimkuta mama huyo akifundisha chuoni Lund, Uswidi. Aliipokea wakati wa mapumziko, kisha akarudi darasani kumaliza somo.

Basi, ndugu msikilizaji, ukikuta alama usiyoielewa, usiwe na haraka ya kuifuta.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Kwa nini arigoni iliitwa mvivu?
2. Doa la picha ya mwaka 1961 lilifutwa kwa sababu gani?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe mfano wa kifuu na wimbi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.