Mwalimu Aliyeachiwa Jando

Mtoto akiharibika, mzazi husema shule haifundishi adabu, na mwalimu husema nyumbani hakuna malezi. Wote wawili wanaamini kwamba kazi hiyo ni ya mmoja wao, na kwamba huyo ameizembea. Historia ya elimu Tanzania inasema vingine. Kwa sehemu kubwa ya historia hiyo malezi yalikuwa na watu wake, wenye vyeo na ujira wao, ambao hawakuwa wazazi wala walimu wa shule. Hao tumewaondoa, na nafasi zao ziko wazi mpaka leo.

Pwani mtoto alipelekwa chuo cha Kurani kwa maalim, akakaa jamvini na ubao wake mpaka akahitimu. Akikaribia utu uzima alikabidhiwa kwa wengine: mvulana alikwenda jandoni, msichana akawekwa kwa somo au kungwi wake. Kungwi hakuwa mama, na hilo lilikusudiwa. Mambo ya mwili, ya ndoa na ya kukaa na wakwe, mama aliona haya kuyatamka mbele ya bintiye, na binti aliona haya kuyasikia kwa mamaye. Kungwi aliyaimba, akayacheza, akayaeleza bila kuficha. Tena kazi yake haikuisha ngoma ilipovunjika, kwa kuwa ndoa ikiyumba, mwali alirudi kwake. Bi Kidude, ambaye dunia inamkumbuka kwa taarabu, Unguja alifahamika pia kwa kazi hiyo ya unyago. Alifariki mwaka 2013.

Baadhi ya wenye shule za mwanzo walijua kwamba darasa peke yake halitoshi. Kusini, huko Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo mwaka 1926, alikataa kulipiga jando marufuku. Kambi ilibaki, tohara ikabaki, wazee wakaendelea kufundisha. Matambiko ndiyo yaliyopisha sala. Kwa wasichana jaribio hilo lilikuwa gumu zaidi. Serikali nayo ilijaribu: huko Malangali, mkoa wa Iringa, shule ya serikali iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya Bryant Mumford iliwaleta wazee wa makabila ndani ya shule wafundishe mila, historia na ngoma. Atatokea wa kusema kwamba Waingereza walikuwa wakitawala kupitia machifu, hivyo walitaka vijana watiifu. Ni kweli, na sina haja ya kuwatetea. Hata hivyo, nia mbaya ya mtawala haifuti alichokiona sawasawa: mzee wa kijiji alikuwa na somo ambalo mwalimu hakuwa nalo.

Baada ya uhuru nchi ilikuwa na haraka, na ilikuwa na haki ya kuharakisha. Wanafunzi wa shule za msingi hawakufika nusu milioni mwaka 1961. Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na mwishoni mwa muongo huo walikuwa wamepita milioni 3. Walimu wengi wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijifunza ualimu vijijini huku wakifundisha. Walifanya kazi kubwa mno ya kulifundisha taifa kusoma. Lakini mtoto sasa alikuwa mikononi mwao karibu mwaka mzima, na kusini jando na unyago vikabanwa ndani ya wiki za likizo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mila hizo zenyewe ziliumiza. Kisu cha ngariba kiliwatia vijana vidonda vilivyooza, na wasichana wengi walitoka unyagoni wakihesabiwa tayari kuolewa. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi. Mahakama Kuu ilivikataa vifungu hivyo mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Hukumu hizo ni za haki. Ila kisu na mafunzo vilikuwa vitu viwili. Leo kijana huingia zahanati asubuhi, akatahiriwa kwa ganzi, akarudi nyumbani mchana na bandeji na vidonge vyake. Kidonda kinapona vizuri kuliko zamani, lakini hakuna aliyekaa naye usiku hata mmoja. Wanaoilaumu simu kwa kuwaharibu watoto wasisahau kwamba mtoto anaiuliza maswali ambayo angemuuliza somo wake.

Mitaala iliyoboreshwa mwaka 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Nalipokea kwa heshima, lakini anayelifundisha ni mwalimu yule yule, mbele ya darasa lile lile lililofurika. Kinachokosekana ni mtu wa pili: mtu mzima wa kijijini au mtaani, aliyechaguliwa na wazazi, akachunguzwa mwenendo wake, akalipwa posho na kupewa saa zake shuleni, huku akikatazwa waziwazi kugusa habari ya kuoza watoto. Masasi walimpata wakiwa na uwezo mdogo kuliko tulio nao sasa.