Tembo la Wawi

Kazi hii ya uandishi imenipitisha vilabu vingi. Moshi nimekunywa mbege ya ndizi na ulezi, uchungu wake ukitoka kwenye magome ya msesewe. Iringa nimeonja ulanzi, utomvu wa mwanzi unaochachuka wenyewe. Basi nilipofika Wawi, Pemba, kwao mama, nikaona minazi kila upande, nikamuuliza mjomba: tembo je?

Akacheka. "Hapa, mwanangu, limebaki la methali tu."

Si ajabu. Al-Masudi alifika kisiwa cha Kanbalu mwaka 916, ambacho wanahistoria wengi wanadhani ni Pemba, akawakuta Waislamu. Lakini lugha haikumsahau mgema: hupanda asubuhi na jioni, hukata karara kidogo kidogo, hutega kibuyu. Tembo tamu huwa kali ndani ya saa chache tu, bila hamira.

Bara, tembo ni mnyama. Wazee wa pwani humwita ndovu. Kiwanda cha bia kilianzishwa Nairobi mwaka 1922. Mwaka uliofuata mwanzilishi mmoja, George Hurst, akauawa na ndovu, bia ikaitwa Tusker. Huyo amekumbukwa kwenye chupa mpaka leo.

Mgema je? Jioni mjomba akanipeleka nyuma ya nyumba. Babu alikuwa mgema. Mama hajawahi kunitajia. Mnazi wake bado umesimama, na vidato alivyochonga kwa panga (ndiyo, neno lilelile la shule) bado vimo shinani. Nilivihesabu hadi giza likaingia.