Mikono ya Dufy, Takataka za Mkonge

Mwaka 1950 mchoraji Mfaransa aitwaye Raoul Dufy alivuka Atlantiki kwenda Marekani kutafuta tiba ya mikono. Alikuwa na miaka 72. Kama jina hilo ni geni kwako, huyu ndiye aliyechora La Fée Électricité, historia nzima ya umeme kwenye vipande 250 vya mbao, kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya Paris ya 1937. Urefu mita 60, kimo mita 10. Hebu fikiria ukuta wa jengo la ghorofa tatu, halafu mtu aujaze rangi.

Wakati huo baridi yabisi ilikuwa imeshambisha hodi. Aina iliyomshika si ile ya uzee tu inayokuja na magoti kulia. Ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvila viungo vya mwenyewe. Vidole vinavimba, vinapinda, mwishowe vinakataa amri. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940, Dufy alitembea kwa magongo, na kukamua tyubu ya rangi kulikuwa kazi ya kumshinda.

Huko Boston, daktari mmoja, Freddy Homburger, alikuwa akijaribu dawa mpya. Alisoma habari za Dufy, akamwandikia barua: njoo. Mzee akaenda.

Dawa zenyewe zilikuwa kotisoni na homoni nyingine inayoitwa ACTH. Kotisoni ilikuwa bado mtoto mchanga. Tangu 1929, daktari Philip Hench wa Mayo Clinic alikuwa ameona jambo la ajabu: mgonjwa wa viungo akipata umanjano wa ngozi na macho, maumivu yanapungua. Baadaye akaona wanawake wajawazito pia wanapata nafuu. Akawaza, basi mwili wenyewe una kitu unachoweza kutoa. Mwenzake Edward Kendall alikuwa akichunguza kemikali za tezi zinazokaa juu ya figo. Septemba 1948 wakamdunga sindano mwanamke wa miaka 29 ambaye alikuwa hajiwezi kitandani. Siku chache tu, akatoka kwenda kufanya shopping. Miaka miwili baadaye Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Dufy naye alipata muujiza wake. Vidole vilifunguka, akarudi kukamua rangi kwa mkono wake mwenyewe. Alichora maua, na picha moja akaipa jina La Cortisone. Sijui wangapi kati yetu wamewahi kuita kazi yao jina la dawa, lakini mimi naielewa shukrani hiyo.

Shida ilikuwa moja: dawa yenyewe ilikuwa adimu. Ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30 za maabara, na ng'ombe wengi sana walitoa dawa kidogo sana. Kwa hivyo wanasayansi wakaanza kuzunguka dunia kutafuta mmea wa kuwarahisishia kazi. Wengine walikuja Afrika kusaka mbegu za Strophanthus, jamii ya mimea ambayo watu wetu walikuwa wakitengenezea sumu ya mishale. Wengine walichimba viazi vikuu vya Mexico.

Na wengine wakaangalia mkonge.

Kama umewahi kupanda matatu ya Mombasa kwenda Malindi, umepita Vipingo. Ile mistari ya kijani inayokwenda mpaka macho yanachoka, huo ndio mkonge. Jani likipita kwenye mashine, nyuzi za katani zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni maji na makapi yenye harufu kali, yanamwagwa. Mwaka 1951 wanasayansi watatu wa London, Callow, Cornforth na Spensley, walitoa ripoti kwamba ndani ya takataka hizo za Afrika Mashariki kuna hekojenini, kemikali inayoweza kugeuzwa kuwa kotisoni. Kampuni ya Glaxo ikaichukua, na katika miaka hiyo ya 1950 kotisoni ya Uingereza ikawa inatoka kwenye mkonge wetu.

Yaani kile tulichokimwaga hapa kilikuwa kinanyoosha vidole vya watu ng'ambo.

Nina sababu ya kukaa na habari hizi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana, kwa hivyo historia naisoma kwa simu, usiku, bando ikiwa bei rahisi. Shangazi yangu, dada ya baba, ni fundi wa nguo. Amewashonea sare watoto wa mtaa mzima, mimi nikiwemo. Miaka mitatu sasa vidole vyake vinapinda kuelekea kidole cha mwisho, na asubuhi hawezi kufunga kifungo cha blauzi mpaka saa nne.

Kabla hatujajua ugonjwa, kuna mtu alimuuzia "dawa ya mifupa", unga kwenye karatasi isiyo na jina. Ilifanya kazi vizuri mno. Wiki moja, cherehani ikaanza kulia tena. Uso wake ukajaa, ukawa mviringo kama mwezi, majirani wakamwambia, "Mama, umenawiri." Kumbe sukari inapanda. Daktari alipomwona tu aliuliza kama anatumia steroidi.

Hili nalo lilijulikana tangu zamani. Hench mwenyewe aliona mapema kwamba ukiacha dawa maumivu yanarudi, na ukiendelea nayo kwa wingi mwili unadai malipo: uso kuvimba, mifupa kudhoofika, tumbo kutoka damu. Dufy alitoka Boston akaenda Tucson, Arizona, kutafuta hewa kavu, kisha akarudi Ufaransa akahamia Forcalquier kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1952 alishinda tuzo kuu ya uchoraji huko Venice. Machi 1953 akafariki, na inasemekana alivuja damu tumboni, huenda kwa ajili ya dawa zile zile. Alipata miaka mitatu ya mikono. Alilipa.

Sasa familia yetu ina kikundi cha WhatsApp, na mimi ndiye mweka hazina. Tunachanga ili shangazi aende India. Anko mmoja ameshaongea na wakala, ana picha za hospitali yenye chemchemi mlangoni. Mimi nimeuliza swali moja, na limeniletea maneno: akishafika huko atapewa nini?

Dufy alisafiri kwa sababu dawa ilikuwa upande mmoja wa bahari na mikono yake upande wa pili. Leo methotrexate, dawa ambayo madaktari wengi huanzia kwa ugonjwa huu, ipo Nairobi. Inamezwa mara moja kwa wiki, na inataka damu ipimwe mara kwa mara ili ini lisiumie. Kilicho adimu kwetu ni daktari wa viungo wa kukufuatilia mwezi baada ya mwezi, na pesa ya kumlipa. Tikiti ya ndege inakununulia wiki mbili za kuangaliwa. Ugonjwa huu ni wa maisha.

Nilimweleza shangazi haya yote, mpaka habari ya mkonge. Alisikiliza huku akikanda vidole kwenye maji ya uvuguvugu. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyo mzungu wako akisharudi kwao, nani alikuwa anamwangalia?"

Nikamwambia ndiyo maana nauliza.

"Basi pesa hiyo ikae," akasema. "Nitafutie daktari ambaye nikiumwa Jumanne, Jumatano ananiona."

Niliandika maneno hayo kwenye kikundi jinsi yalivyo. Anko amejitoa. Waliobaki tumekubaliana kulipia kliniki na vipimo vya mwaka mzima, na miadi ya kwanza ni Jumatano ijayo.