Ekseli na Springi katika Historia ya Magari ya Porini Yanayoundwa Nyumbani

Gari la porini linaloundwa nyumbani, yaani lile ambalo mwenyewe au fundi wake hulijenga kwa kukusanya viungo vya magari mengine na kuviunga juu ya chasisi moja, lilitokana kwa kiasi kikubwa na vyuma vilivyoachwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Injini yaweza kubadilishwa, bodi yaweza kukunjwa kwa bati katika gereji yoyote, na hata chasisi yaweza kuchomelewa kwa mabomba ya chuma. Lakini ekseli, kwa kuwa inahitaji kasha la kusubu, gia zilizokatwa kwa usahihi na shafti zilizopikwa kwa moto hadi zikawa ngumu, karibu kila mara ilitolewa katika gari lililotengenezwa kiwandani. Kwa sababu hiyo mjenzi aliyeanza kwa kutafuta springi nzuri alikuwa ameanzia mwisho, maana ekseli aliyoweza kuipata ndiyo iliyoamua ukubwa wa matairi, uzito wa gari na aina ya springi itakayofaa.

Chanzo cha mapokeo hayo ni Jeep ya kijeshi ya Marekani, ambayo kampuni za Willys na Ford zilitengeneza zaidi ya 600,000 kati ya mwaka 1941 na 1945. Ilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, yaani boriti moja ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia na kubeba ndani yake shafti pamoja na difu, ambayo ni kifaa cha gia kinachogawa nguvu kati ya magurudumu hayo mawili. Boriti hiyo ilibebwa na springi za mabamba, ambazo ni bapa kadhaa za chuma zilizopindwa kidogo na kufungwa pamoja. Vita vilipokwisha, Jeep nyingi ziliuzwa kwa raia, na kufikia mwaka 1953 wamiliki wake huko California walikuwa wamekwisha anza kusafiri kwa makundi kuvuka njia ya mawe ya Rubicon, katika milima ya Sierra Nevada. Nchini Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia Jeep katika shamba lake la Anglesey, alilichukua gari hilo kuwa kielelezo cha Land Rover, iliyoonyeshwa kwa umma mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948 ikiwa na mpangilio uleule wa ekseli nzima na springi za mabamba.

Mpangilio huo ulidumu kwa sababu zenye uzito. Gurudumu moja linapopanda jiwe, ekseli nzima huinama kama mizani, ikalisukuma gurudumu la pili kuelekea ardhini, hivyo tairi zote mbili huendelea kushika. Na kwa kuwa difu hupanda pamoja na magurudumu, nafasi iliyopo kati ya kasha lake na ardhi haipungui hata springi zinapobonyea. Springi za mabamba nazo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kubeba uzito na kuishikilia ekseli mahali pake, jambo linalomwondolea mjenzi haja ya kubuni mikono na viungo vya ziada. Fundi mwenye mashine ya kuchomelea, mabano manne na yubolti imara aliweza kuifunga ekseli chini ya karibu chasisi yoyote, na urahisi huo ndio uliofanya ufundi huu uenee katika nchi ambazo karakana zake hazikuwa na vifaa vya gharama.

Hata hivyo, kuunganisha kazi mbili katika chuma kimoja kuna gharama yake. Nguvu ya injini inapopita katika gia za chini, ekseli hujaribu kujizungusha kinyume cha magurudumu, na mabamba yakiwa laini hujikunja kwa umbo la herufi S, kisha hujirudi kwa ghafla, jambo linaloweza kuvunja springi au propela shafti, yaani shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli. Tatizo hilo lilizidi pale mafundi walipoanza kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuziweka juu yake, kama ilivyofanyika sana kwa Suzuki za familia ya SJ zilizoanza kutolewa mwaka 1981, ambazo springi zake hupita chini ya ekseli zote mbili. Gari hupanda juu kwa zaidi ya upana wa kiganja bila kununua springi mpya, lakini propela shafti hukaa kwa mwinamo mkali, fimbo za stelingi hupoteza pembe zake sahihi, na mabamba yaliyokwisha kuwa na tabia ya kujikunja hujikunja zaidi. Mjenzi makini aliongeza fimbo ya kuzuia mzunguko kati ya ekseli na chasisi. Asiye makini alinunua propela shafti mara kwa mara.

Badiliko kubwa lililowafikia wajenzi lilitokana na springi za koili, yaani waya mnene wa chuma uliosokotwa kwa duara. Mtu anayedhani kwamba Range Rover ya mwaka 1970 ndiyo iliyoziunganisha kwa mara ya kwanza na ekseli nzima hukosea, kwa kuwa Unimog, lori dogo la Kijerumani lililoanza kutengenezwa mwaka 1948 kwa matumizi ya shamba, lilikuwa nazo tangu mwanzo, na Ford Bronco ya mwaka 1966 ilikuwa nazo mbele. Kilichoitofautisha Range Rover, iliyobuniwa chini ya uongozi wa mhandisi Spen King, ni kwamba, pamoja na kuwa na koili mbele na nyuma, springi zake zilikuwa laini na zenye safari ndefu ya kupanda na kushuka, na baada ya miaka kadhaa ilipatikana kwa wingi na kwa bei ndogo. Bodi yake ilishambuliwa na kutu ilhali chasisi na ekseli zilibaki na uhai mwingi, na umbali wa sentimita 254 kati ya ekseli zake mbili uliwafaa wajenzi waliotaka gari lisilo fupi mno wala refu mno. Wajenzi wa Uingereza walikata bodi, wakafupisha nyuma ya chasisi na wakapata gari la mashindano lenye saspensheni, yaani mfumo mzima wa springi, mikono na shokapu, ambayo wasingeweza kuibuni wenyewe.

Koili hubeba uzito tu, haishikilii chochote, na hapo ndipo elimu ya mikono ilipoanza kuwa sharti la ufundi huu. Mbele ya Range Rover kila upande una mkono mmoja mrefu unaoikumbatia ekseli kwa bushi mbili za mpira, na fimbo ya Panhard, iliyopewa jina la kampuni ya magari ya Ufaransa, huizuia ekseli isisogee kando. Nyuma kuna mikono miwili ya chini na mkono wa pembetatu juu ya difu. Mikono ya mbele ina kasoro ya kuzaliwa nayo, kwamba ekseli haiwezi kuinama sana bila kuziminya bushi, hivyo wajenzi waliotaka kutambaa juu ya mawe makubwa waliiacha na kuchukua mfumo wa mikono minne, ambamo urefu wa kila mkono na mahali unapoelekea huamua iwapo gari litainua pua, litazama nyuma au litasimama imara linapovuta. Huo ni uamuzi wa hesabu, na wengi walioufanya kwa kukadiria walijenga magari yaliyopanda vizuri na kupinduka kwa urahisi.

Katika jangwa la Baja California historia ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1964 Bruce Meyers alijenga Meyers Manx, gari jepesi la plastiki ngumu lililotumia viungo vya Volkswagen, ambamo kila gurudumu lina mkono wake na springi ni vyuma vinavyojisokota badala ya kubonyea. Na mwaka 1967 Vic Wilson na Ted Mangels walishinda kwa gari la aina hiyo mashindano ya kwanza ya Mexican 1000, yaliyovuka jangwa hilo. Gurudumu linalojitegemea lina uzito mdogo wa kurushwa na kila tuta, kwa hiyo hurudi ardhini haraka, na faida hiyo huonekana katika mwendo wa kasi, si katika kupanda korongo kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nguvu ya ekseli ni suala jingine, na pengine ndilo lililowagharimu wajenzi zaidi. Ekseli inayoelea kikamilifu ni ile ambayo uzito wa gari hubebwa na habu na kasha, huku shafti ya ndani ikifanya kazi ya kuzungusha tu, hivyo ikikatika gurudumu halitoki na gari laweza kurudi nyumbani; ekseli inayoelea nusu huibebesha shafti kazi zote mbili. Land Rover ndefu zilizofungwa ekseli ya nyuma ya Salisbury, jamaa wa karibu wa Dana 60 ya Marekani, zilisakwa kwa sababu ya nguvu ya ekseli hiyo, ingawa kasha lake hukaa chini na kuugusa kila mwamba. Ekseli nzima ya mbele ya Toyota Hilux ilipata thamani mpya nchini Marekani baada ya kiwanda kuiondoa kwa magari ya mwaka 1986. Waliohitaji zaidi walichukua ekseli za Unimog, ambazo gia iliyo kwenye kila habu huiinua boriti juu ya kitovu cha gurudumu na kuipunguzia shafti ya ndani mzigo wa kuzungusha, lakini uzito wake na upana wake vililazimisha gari zima lijengwe upya.

Nchini Kenya ufundi huu ulipata uwanja wake mwaka 1989, yalipoanza mashindano ya Rhino Charge kwa ajili ya kuchangia uzio wa umeme wa msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Mshindi ni anayefika vituo vyote, ambavyo kwa kawaida ni 13, ndani ya saa 10 kwa umbali mfupi kuliko wengine, si kwa kasi, na kanuni hiyo imewashurutisha wajenzi wavuke mabonde na miamba kwa mstari ulionyooka. Ardhi hiyo huipendelea ekseli nzima yenye mikono iliyopangwa vizuri, na pia mafundi wa gereji wanaojua kuchomelea bano lisilopasuka.

Land Rover Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa mwezi Januari 2016, na mrithi wake hana ekseli nzima, hivyo akiba ya ekseli za aina hiyo za Land Rover haitaongezeka tena. Hata hivyo Jeep Wrangler na Suzuki Jimny zimeendelea kuwa na ekseli nzima na koili pande zote mbili, ilhali Toyota Land Cruiser ya kazi ya familia ya 70, iliyopewa koili mbele mwaka 1999, bado inabeba mzigo wake wa nyuma juu ya springi za mabamba.