Aliyesikiliza na Aliyesoma Jalada: Mapitio ya Mahakama na Magereza ya Wazi nchini Uingereza

Katika Uingereza na Wales, mfungwa wa maisha kwa kawaida hupitia gereza la wazi, kama Ford au Leyhill, kabla ya kuachiwa. Bodi ya Parole ndiyo huamua aachiwe au la. Lakini kuhusu kuhamishiwa gereza la wazi hutoa ushauri tu, na Waziri wa Sheria anaweza kuukataa. Juni 2022 Dominic Raab, akiwa waziri, alikaza masharti ya kuukubali. Ushauri mwingi ulikataliwa, na mashauri yakamiminika Mahakama Kuu.

Hakuna anayebisha kwamba neno la mwisho ni la Waziri. Ubishi ni kuhusu uzito wa sababu anazopaswa kutoa. Watetezi wake husema kwamba kwa kuwa anawajibika kwa Bunge, jaji asiingilie isipokuwa uamuzi uwe wa kipuuzi. Hoja hii inachanganya mamlaka na ujuzi: kuwajibika kwa Bunge hakumfanyi mtu aijue hatari ya mfungwa ambaye hajawahi kumwona.

Hukumu ya Jaji Chamberlain ya mwaka 2022 ndiyo inayotoa mwanga. Alikataa kuyagawa masuala katika mafungu mawili, la ukweli na la tathmini ya hatari. Aliuliza: je, katika jambo hili mahususi, Bodi ina nafasi bora kuliko Waziri? Ikiwa inayo, Waziri atoe sababu nzito sana za kwenda kinyume. Ikiwa suala ni kupima maslahi ya umma dhidi ya ya mtu binafsi, anaweza kutofautiana na Bodi baada ya kuyapa maoni yake heshima inayostahili.

Kigezo hicho kinafika mbali kuliko wengi wanavyokiri. Jopo la Bodi humhoji mfungwa, mwanasaikolojia na ofisa wa uangalizi; Waziri husoma jalada. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu, kupitia Lord Reed, ilisisitiza usikilizwaji wa ana kwa ana pale haki inapoudai, hata katika masuala ya kuhamishwa. Usikilizwaji huo una maana gani ikiwa matunda yake yanatenguliwa mezani kwa aya mbili?

Wapinzani watataja mauaji ya mwaka 2013 yaliyofanywa na mfungwa wa gereza la wazi la Spring Hill aliyekuwa na ruhusa ya siku moja. Msiba ule ni mzito, lakini ruhusa ya kutoka ni uamuzi tofauti na uhamisho, nao hufanywa na uongozi wa gereza.

Kwa hiyo, katika tathmini ya hatari, Waziri aonyeshe jambo ambalo Bodi haikulipima au ililipima vibaya. Akishindwa, mahakama ifute uamuzi wake.