Kwa Nini Intakula Iliyashinda Maji
Tabo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata joto. Joto likizidi, petroli huwaka kabla ya wakati na injini hugonga. Mwaka 1962 gari la Oldsmobile Jetfire lilijibu kwa kunyunyizia maji yaliyochanganywa na methanoli. Kifizikia, dawa hiyo ni kali: maji yakigeuka mvuke hufyonza joto jingi. Ila tangi la mchanganyiko huo likikauka, vali ilipunguza msukumo wa tabo, na wenye magari wengi walisahau kulijaza. Porsche 911 Turbo ya 1978 ikapewa intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa, inayopozwa na upepo. Ilikula nafasi, lakini haikumdai dereva chochote. Ushindi wake uko hapo, wala si kwenye ubaridi. Atakayetaja BMW M4 GTS, iliyorudisha maji, ana nusu ya hoja: intakula haikung'olewa, na wanunuzi wa gari hilo walikuwa wapenda mbio, watu wanaojaza matangi kwa furaha.